Kukaa kimya na kufuata pumzi: Ni dawa au ni ibada?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, makala ya wiki hii naianza kwa kukiri kosa. Nimesomesha madrasa ya jioni mtaani kwetu Magomeni kwa miaka mingi, na kama ilivyo desturi ya miji yetu, anayewafundisha watoto wa watu Alif na Be hugeuzwa na wazazi wao kuwa hakimu wa ndoa, mgawa mirathi na mganga wa nyoyo. Huulizwa kila kitu. Na mara nyingi hujibu hata lile asilolijua, kwa sababu aliyeuliza amekuja na heshima zake, na kusema "sijui" mbele ya heshima ni kazi nzito. Mimi nililijibu nisilolijua, na aliyelipa gharama ya jibu langu ni mtu mwingine.

Dada mmoja niliyemsomesha akiwa mdogo alifiwa na mumewe katika ajali ya basi. Habari aliipata kwa simu, saa nane za usiku. Alikaa eda yake miezi minne na siku kumi kama sharia inavyotaka. Eda ilikwisha, msiba haukwisha. Kila ikifika saa nane usiku hushtuka, moyo unakwenda mbio, mikono imelowa jasho, anatafuta simu ambayo haikulia. Mchana hana nguvu hata ya kuwaogesha wanawe. Kaka yake akampeleka kwa mnasihi, yaani mtaalamu wa ushauri nasaha, hapa hapa mjini.

Mnasihi yule alimsikiliza kwanza, wiki baada ya wiki. Kisha akamfundisha zoezi dogo. Kila siku akae kitini, miguu igusane na sakafu, mgongo umenyooka, kwa dakika kumi aelekeze fikra zake kwenye pumzi inayoingia na kutoka. Akili ikikimbilia kwenye ile simu, asigombane nayo, airudishe taratibu kwenye pumzi. Basi. Hakuna neno la kutamka, hakuna sanamu, hakuna wa kumsujudia. Hiki ndicho kinachoitwa meditesheni katika vyumba vya ushauri. Baada ya wiki tatu yule dada alianza kulala mpaka alfajiri.

Ndipo akaja kuniuliza. "Maalim, hili jambo linafaa?" Nikamuuliza limetoka wapi. Akasema, "Mnasihi amenambia asili yake ni kwa Wabudha huko Asia." Sikuhitaji kusikia zaidi. Nilimwambia: "Mwanangu, Muislamu ana dhikri, hana haja na mambo ya Wabudha. Liache. Shika nyiradi, moyo utatulia." Nikamwandikia na idadi. Aliondoka ameridhika, na mimi nikajiona nimeokoa imani ya mtu.

Miezi miwili baadaye mama yake alinipigia simu. Mtoto hali, halali, hataki kuona watu. Nikaenda. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, amekonda. Maneno aliyonambia siku ile sijayasahau: "Maalim, naswali, nasoma zote ulizoniandikia, na moyo hautulii. Watu wote wakimkumbuka Allah wanatulia. Mimi situlii. Basi mimi Allah amenikataa?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Nilikuwa nimechukua ibada nikaigeuza kidonge. Na kidonge kilipokosa kuponya, mgonjwa hakukitilia shaka kidonge, wala hakumtilia shaka tabibu aliyemwandikia. Alijitilia shaka yeye mwenyewe mbele ya Mola wake.

Swali la kujiuliza ni hili: Je, zoezi lile lilikuwa ibada ya watu wengine, ambayo Muislamu anapaswa kuikimbia, au lilikuwa dawa? Na je, dhikri niliyompa nilimpa kama ibada au kama dawa? Maswali haya mawili yanaonekana kama swali moja, lakini siyo.

Tuanze na la kwanza. Hofu yangu haikuwa ya bure. Yapo mafunzo ya meditesheni ambayo kweli ni dini iliyovaa koti la afya. Miaka ya 1970 huko Marekani, katika jimbo la New Jersey, wanafunzi wa baadhi ya shule za serikali walifundishwa meditesheni ya mtindo wa Maharishi Mahesh Yogi, wakiambiwa kuwa ni sayansi tu. Lakini kila mwanafunzi kabla ya kupewa neno lake la siri la kurudiarudia alipitishwa kwenye sherehe yenye matunda, maua na nyimbo za kumtukuza mwalimu aliyekwisha kufa. Wazazi wakaenda mahakamani. Mwaka 1979 mahakama ya rufaa ya huko ikathibitisha kuwa mafunzo yale yana sura ya dini na hayana nafasi katika shule za umma. Ikiwa mahakama ya nchi isiyo ya Kiislamu iliona hivyo, Muislamu anayeuliza "imetoka wapi?" asichekwe. Ni haki yake kuuliza.

Lakini mwaka huo huo wa 1979, katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mtu aitwaye Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma kwa walimu wa Kibudha, na hakulificha hilo. Alichokifanya ni kuondoa itikadi, sherehe na majina, akabakisha zoezi la kuelekeza fikra kwenye pumzi na mwili. Njia hiyo ndiyo iliyoenea katika unasihi. Uingereza, kwa mfano, mwongozo wa taifa wa tiba ya sonona uliotolewa mwaka 2004 uliipendekeza njia iliyotokana nayo kwa watu ambao sonona imekwisha kuwapata mara tatu au zaidi.

Basi tuna vitu viwili vyenye jina moja. Kimoja kina itikadi ndani yake, kingine kimebaki mbinu. Sheria yetu inasemaje juu ya mbinu iliyotoka kwa wasiokuwa Waislamu? Imamu Muslim amepokea kuwa Auf bin Malik (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mazinguo waliyokuwa wakiyatumia zama za Jahiliya. Mtume (s.a.w.) hakusema yaacheni yote kwa kuwa yametoka katika Jahiliya. Alitaka aonyeshwe hayo mazinguo, kisha akafahamisha kuwa hayana ubaya maadamu hayana shirki ndani yake. Tazama utaratibu huo: kwanza onyesha, kisha tuhukumu. Mimi nilihukumu bila ya kuona.

Na tukumbuke handaki la Madina katika mwaka wa 5 Hijria. Ilikuwa ni mbinu ya Wafursi, watu walioabudu moto, na aliyeileta ni Salman (r.a.). Hakuna swahaba aliyesema kuwa kuchimba handaki ni kuabudu moto. Wanazuoni wetu wametuwekea msingi ulio wazi: mambo ya kidunia asili yake ni ruhusa mpaka ije dalili ya kuyakataza, na ibada asili yake ni katazo mpaka ije dalili ya kuiamrisha.

Tena, kuutumia mwili ili kuituliza nafsi si jambo geni katika Sunna. Abu Daud amepokea mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kuwa mwenye hasira akiwa amesimama na akae, na hasira isipomtoka, alale ubavu. Huko ni kubadilisha hali ya mwili ili moyo upoe. Ni katika mlango huo huo wa kumfundisha mtu mwenye mshtuko avute pumzi taratibu.

Atasema mtu: Lakini Qur'an imetufahamisha kuwa kwa kumkumbuka Allah nyoyo hutulia (13:28). Je, haitoshi? Naam, ni kweli tupu, na laana iwe juu ya anayeikadhibisha. Lakini je, utulivu unaotajwa hapo maana yake ni kuwa muumini hatahuzunika, hatatetemeka, hatakosa usingizi? La hasha! Qur'an hiyo hiyo inatusimulia habari za Nabii Ya'qub (a.s.). Nani alimkumbuka Allah kuliko yeye katika zama zake? Na bado macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe (12:84). Inatusimulia habari za mama yake Musa (a.s.), mwanamke aliyepata ahadi kutoka kwa Mola wake kuwa mwanawe atarudishwa, na bado moyo wake ukawa mtupu, akakaribia kuidhihirisha siri yake, kama Allah (s.w.) asingeutia nguvu (28:10). Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, na akafahamisha kuwa moyo unahuzunika ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola.

Kwa hiyo utulivu wa muumini ni kumtumaini Mola wake, kujua yu mikononi mwa nani hata anapotetemeka. Kutetemeka kwenyewe ni kwa mwili. Yule dada alikuwa na utulivu wa kwanza tangu mwanzo. Hakuwahi kumlaumu Allah kwa kifo cha mumewe. Mimi ndiye niliyemwaminisha kuwa mapigo ya moyo saa nane za usiku ni kipimo cha imani yake.

Na wanaodhani kuwa maradhi haya huwapata wasiojua dini, wasome habari za Imamu Ghazali. Mwaka 1095 alikuwa ndiye mwalimu mkubwa wa Nidhamiyya ya Baghdad. Mwenyewe ameandika katika kitabu cha maisha yake kuwa ulimi wake ulifungika, akawa hawezi kusomesha hata somo moja, chakula kikawa hakipiti, mpaka matabibu wakakata tamaa wakasema jambo hili limeuingia moyo. Je, tumwambie Ghazali alikosa nyiradi? Karne moja na zaidi kabla yake, Abu Zayd al-Balkhi aliyefariki mwaka 934 aliandika kitabu juu ya afya ya miili na ya nafsi. Alibainisha kuwa iko huzuni yenye sababu inayojulikana na iko isiyojulikana sababu yake, na kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na hutibiwa. Haya yaliandikwa na Waislamu, kwa Kiarabu, wakati ambapo Ulaya haikuwa na la kutufundisha katika mlango huu. Leo tunaogopa chumba cha mnasihi kana kwamba ni kanisa!

Sasa tuje kwenye swali la pili, ambalo kwangu mimi ndilo zito zaidi. Wapo miongoni mwetu wanaotaka kumaliza tatizo kwa njia nyepesi: Chukua zoezi la pumzi, lipachike majina ya Allah, liite la Kiislamu. Wapo hata waandishi wa Kiswahili wanaoiita meditesheni "tahajudi". Ndugu zangu, tahajudi ni swala ya usiku. Ina niya, ina udhu, ina rakaa, ina kibla. Kuliazima jina hilo kwa ajili ya zoezi la kitini ni kuwachanganya watu. Na wapo wanaohubiri swala kwa kusema kuwa inanyoosha viungo, inapunguza presha, inaondoa msongo wa mawazo. Wanadhani wanaipamba swala, kumbe wanaishusha.

Kwa nini nasema wanaishusha? Kwa sababu Allah (s.w.) amemuamrisha Musa (a.s.) asimamishe swala kwa ajili ya kumkumbuka Yeye (20:14). Hiyo ndiyo sababu. Tunaswali kwa kuwa Yeye ni Mola na sisi ni waja. Ikitupa raha, alhamdulillah. Siku isipotupa raha, bado ni swala, na pengine ndiyo swala nzito zaidi kwenye mizani, kwa kuwa mja alisimama bila ya kulipwa papo hapo. Anayeswali ili apate usingizi, siku akikosa usingizi ataiona swala haina kazi. Ibada ikifanywa dawa hupimwa kama dawa, na dawa isiyoponya hutupwa.

Upande wa pili nao una hatari yake. Dawa ikifanywa ibada hupewa heshima isiyostahiki. Meditesheni si muujiza. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walikusanya majaribio 47 yaliyohusisha watu 3,515. Waliona kuwa meditesheni husaidia kwa kiasi kidogo hadi cha wastani katika wasiwasi, sonona na maumivu, lakini hawakuona ushahidi kuwa inashinda tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya viungo. Na wapo watu, hasa waliopatwa na mambo ya kutisha mno, ambao wakifumba macho na kukaa kimya, yale ya kutisha ndiyo huja juu. Mwenye maradhi makubwa ya akili, au anayewaza kujidhuru, huyo si wa kuambiwa akae ahesabu pumzi. Huyo apelekwe hospitali leo hii, siyo kesho.

Nilikwenda na kaka yake yule dada kumuona mnasihi. Nilikuta mama wa makamo, Mkristo, mwenye sauti ndogo. Nilimwambia, "Mama, mimi ndiye niliyemkataza." Nilidhani atanilaumu. Alinyamaza, kisha akasema, "Mzee wangu, na mimi nina sehemu yangu. Nilimfundisha zoezi kabla ya kumuuliza dini yake inamwelekeza nini. Asili ya zoezi nimemwambia alipouliza, sikumwambia mwanzo. Ningemwambia mapema, tungekuita wewe tukazungumza sote watatu."

Katika maneno hayo nimepata ninaloona kuwa ni adabu ya jambo hili. Kwanza, mnasihi ajue kuwa aliyekaa mbele yake amekuja na dini yake, hakuiacha mlangoni pamoja na viatu. Amuulize. Amweleze zoezi limetoka wapi na lina nini ndani yake, na ampe njia nyingine akikataa, kama vile kutembea au kuzungumza tu. Kumficha mgonjwa asili ya anachopewa ni khiyana, hata kama kinamfaa. Pili, mgonjwa wa Kiislamu aulize bila ya haya: Kuna neno la kutamka? Maana yake nini? Kuna wa kuombwa? Likiwamo la shirki, aondoke. Lisipokuwamo, ajue yuko katika mlango wa tiba, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Tatu, na hili ni letu sisi maimamu na walimu wa madrasa: Tusijibu kabla ya kuona. Allah (s.w.) ametuamrisha tuwaulize wenye ujuzi ikiwa hatujui (16:43), na amri hiyo haikumvua mwenye kilemba.

Profesa Malik Badri wa Sudan, mwanasaikolojia wa Kiislamu aliyefariki mwaka 2021, alitoa kitabu chake maarufu mwaka ule ule wa 1979. Aliwaonya wanasaikolojia wa Kiislamu wasiwafuate Wamagharibi kibubusa mpaka kwenye shimo la kenge. Onyo lake lilikuwa la haki. Lakini Badri huyo huyo alizitumia mbinu za kitabibu kuwatibu wagonjwa wake, na aliandika kitabu kizima juu ya tafakuri katika Uislamu, ile ya kuzingatia maumbile ya mbingu na ardhi mtu akiwa amesimama, amekaa au amelala (3:190-191). Hakuchanganya. Alijua kipi ni kipi.

Huo ndio msimamo ninaouita wa haki, nami si mufti, ni mwalimu wa watoto tu. Dawa ibaki dawa, ibada ibaki ibada. Anayehitaji vyote viwili apewe vyote viwili, kila kimoja kwa jina lake.

Nilirudi kwa yule dada nikamwambia nilikosea. Si rahisi kwa maalim kumwambia hivyo mwanafunzi wake. Nikamwambia arudi kwa mnasihi, na nyiradi asizihesabu tena kama vidonge. Amkumbuke Mola wake kwa kiasi anachoweza, kwa kuwa ni Mola wake. Hakuniuliza dalili. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo Maalim, hakunikataa?"

Nilimwambia hapana. Aliilia hiyo hapana kwa muda mrefu. Sasa anakaribia mwaka tangu arudi, analala, na watoto anawapeleka madrasa mwenyewe. Bado zipo siku hushtuka saa nane. Siku hizo, amenambia, hukaa kitini dakika kumi mpaka mikono ikaukwe jasho. Kisha huinuka, akatia udhu, akaswali tahajudi.

Tumuombe Allah (s.w.) awape afueni wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, na atulinde sisi tunaoulizwa tusiwe fitna kwa wanaotuuliza. Wallahu a'alam.